Kila Mwamba Ngoma

Gogo la mninga likifika uani kwa fundi, halichongwi siku hiyo. Kwanza hupakwa udongo uliokandwa na samadi kwenye ncha zote mbili, kisha hulazwa kivulini. Maji ya mti hutoka haraka zaidi nchani kuliko ubavuni. Ncha zikiachwa wazi hukauka na kusinyaa wakati tumbo bado bichi, na gogo hupasuka kuanzia mdomoni kwenda ndani. Udongo ule unazuia haraka hiyo. Mzee huyu, anayechonga na kuwamba ngoma nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, amezoea wateja wanaokuja kuuliza kwa nini gogo lao bado limelala. Jibu lake halibadiliki: "Linapumzika, baba. Nawe kapumzike."

Juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, miti mikubwa ya asili si mingi. Sehemu kubwa ni nyasi, mashamba ya mahindi, ulezi, maharage na alizeti, na mikaratusi iliyopandwa karibu na nyumba. Mninga hutoka kwenye miombo ya miteremkoni: mashariki, ardhi inapoporomoka kuelekea Bonde la Ziwa Rukwa, na magharibi, inaposhuka kuelekea Ziwa Tanganyika. Kuukata kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na maseremala wa milango na vitanda nao wanaugombania, kwa hiyo gogo zuri ni ghali. Fundi wa ngoma ana nafuu yake. Yeye hutafuta gogo ambalo wapasua mbao wamelikataa. Mti wenye tundu moyoni, au ulioanza kuoza katikati, hautoi mbao, lakini kwake nusu ya kazi imeshafanyika. Anachokagua ni ubavu. Huugonga kwa kiungo cha kidole kutoka juu hadi chini, akisikiliza kama pana mahali sauti inafifia, maana hapo ndipo ulipojificha ufa.

Anaung'ang'ania mninga kwa sababu moja. Mbao nyingi zikikauka hupungua na kujipinda, lakini mninga hupungua kidogo sana, na ukishakauka hubaki na umbo lilelile ulilopewa. Ngoma huishi miaka mingi ikiwa imevutwa pande zote. Mzinga wake, yaani gogo lenyewe lililochongwa, ukijipinda, mdomo hupoteza duara, na ngozi haikai sawa tena hata ikazwe namna gani.

Tundu huchongwa gogo likishapumzika lakini mti ukiwa bado mbichi, kwa kuwa mti mkavu ni mgumu zaidi kuchonga. Fundi huanza na patasi yenye mpini mrefu na rungu la mti, akiendeleza kile kilichoanzwa na uozo. Kisha hushika tezo. Anakaa kwenye kigoda, anaubana mzinga kwa nyayo zake mbili, na tezo inashuka kati ya miguu kwa pigo fupi linalotoka kwenye kifundo cha mkono, si begani. Kila pigo linatoa ubale mmoja mwembamba. Baada ya mapigo machache anauzungusha mzinga upana wa kiganja, anaanza tena. Hazungushi kabla ya kumaliza sehemu iliyo mbele yake, wala harudi nyuma kusahihisha. Akifika alikoanzia, ameshaondoa tabaka moja, lenye unene uleule, kuzunguka mzinga mzima. Ukizitazama mbale zilizoanguka miguuni pake utaona zinalingana urefu, ingawa hakuna hata moja aliyoipima.

Tezo hiyo ilifuliwa na mhunzi kutokana na springi ya gari. Ufipa imekaa na chuma siku nyingi. Mashambani bado yamesimama mabaki ya matanuru ya udongo yaliyojengwa kwa kimo cha mita 3 hivi, yakiwa na matundu kuzunguka chini. Tanuru la namna hiyo halikuhitaji mivukuto. Kimo chake chenyewe kilivuta hewa kupitia yale matundu, na moto ukawaka mpaka chuma kikajitenga na taka zake. Bonge lililopatikana lilisafishwa katika tanuru dogo lililopulizwa kwa mivukuto, ndipo likafika kwa mhunzi kuwa jembe au shoka. Masimulizi ya Wafipa yanawahusisha watawala wao wa kale, waliokuwa Milansi, na kazi hiyo ya uhunzi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 walikuwepo bado mabingwa waliojua kuyeyusha, mpaka majembe ya dukani yalipowaondolea soko. Sasa chuma huja kikiwa chini ya lori, lakini kinachotakiwa kwa tezo hakijabadilika: makali yanayokubali kinoo na shingo isiyopinda.

Mzinga uliochongwa nusu hurudishwa bandani, na hapo hukaa miezi. Ukishakauka ndipo fundi anaupa unene wake wa mwisho, na hatumii rula. Mkono mmoja unaingia ndani, mwingine unabaki nje, na yote miwili inatembea pamoja kutoka mdomoni hadi kitakoni, viganja vikitazamana kupitia ubao. Panapozidi unene, anaweka alama ya mkaa. Kisha anagonga. Ubavu mnene hujibu kwa sauti fupi, ubavu uliokonda hulia. Anapunguza kidogo kwenye alama, anagonga tena, anapunguza tena. Mdomo peke yake anauacha mnene, kwa sababu ndio utakaobeba mvuto wote wa ngozi.

Huo mdomo una kazi yake. Fundi anapaka masizi kwenye bamba la jiwe lililo sawa, anaugeuza mzinga mdomo chini, anausugua mara moja na kuuinua. Sehemu zilizoinuka zimeshika weusi, zilizo chini zimebaki safi. Anaziondoa zile nyeusi kwa tupa, anapangusa, anarudia. Mwanzo masizi hushika mahali pawili au patatu. Baadaye yanakuwa vipande vya tao. Hatimaye yanauzunguka mdomo wote bila kukatika, na hapo fundi anaitupa tupa pembeni na kuchukua msasa ili auviringe ukingo. Ukingo mkali hukata ngozi taratibu, na mteja huona ngozi imechanika bila kujua kwamba kosa lilikuwa la mti.

Ngozi inatoka machinjioni. Ng'ombe wengi hupandishwa kutoka Bonde la Rukwa, ambako wafugaji, wengi wao Wasukuma, wamehamia na makundi makubwa katika miongo ya karibuni. Fundi anaiinua ngozi kuelekea kwenye jua na kuitazama kwa nyuma. Anatafuta makovu ya kupe, chapa ya moto, na hasa mkwaruzo wa kisu cha mchunaji. Mkwaruzo unaoonekana mdogo kwenye ngozi mbichi hufunguka ngozi inapokaza. Anaikataa pia ngozi iliyotiwa chumvi ikakaa nayo, kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewa, na ngoma ya ngozi hiyo hulegea kila mawingu yanapokusanyika. Kwa ngoma kubwa anataka ng'ombe, kwa ndogo mbuzi.

Ngozi iliyokubaliwa hutandazwa chini, ikashikizwa kwa vijiti kuzunguka ukingo, upande wa nyama juu. Anaondoa mafuta na vipande vya nyama kwa kisu kilicholazwa, akikisukuma badala ya kukata nacho. Ikikauka anaigeuza na kunyoa manyoya kwa wembe, mstari kwa mstari, kufuata yalivyolala. Akinyoa kinyume, wembe huingia chini ya ngozi ya juu na kuacha doa jembamba. Ni kazi ya kuinama, na haina njia ya mkato.

Manyoya hayo yanakumbusha usemi wa Wachina wa maneno manne juu ya mtu asiyekubali kung'oa hata unywele mmoja. Unatokana na maneno ya Mengzi, mwanafalsafa wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliyemlaumu Yang Zhu kwamba hata kama kung'oa unywele mmoja tu kungeifaa dunia nzima, asingeung'oa. Hadi leo unasemwa juu ya mtu asiyetoa kitu kwa ajili ya mwenzake. Sisi mtu huyo tunamwita mwenye mkono wa birika. Lakini ubinafsi una sura nyingine, nayo ni ngumu zaidi kuielezea. Yupo mtu asiyeiba wala asiyekataa kutoa, ila kila jambo likipita mikononi mwake huegemea upande wake. Kwa ajili ya huyo, wahenga wa Kiswahili walikwenda kutazama kazi kama hii ya uani hapa, wakarudi na methali: kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Kabla ya kuvuta, fundi anatengeneza ukamba. Anachukua kipande kingine cha ngozi mbichi kilichokatwa duara, anaanzia ukingoni na kukata kwa kuzunguka, akielekea katikati bila kuinua kisu. Kipimo cha upana ni ukucha wa dole gumba la kushoto, unaotembea ukingoni sambamba na makali. Kijana anayejifunza kazi ameshika ncha iliyokwisha kukatwa na anarudi nyuma taratibu kadiri ukamba unavyorefuka. Akivuta kwa pembeni, ukamba unakonda, na ukamba uliokonda mahali pamoja utakatikia hapohapo. "Fuata, usiongoze," mzee anamwambia bila kuinua macho. Duara linazidi kuwa dogo mpaka linabaki kipande cha kufunika kiganja. Ukamba mmoja usio na kiungo umevuka ua, na unatosha ngoma nzima.

Siku ya kuwamba huandaliwa tangu jana yake. Ngozi hulala kwenye maji usiku kucha. Miezi ya baridi, Juni na Julai, maji ya Ufipa ni ya barafu na ngozi huchelewa kulainika, kwa hiyo fundi haangalii saa. Anaikunja ngozi kwa vidole na kuiachia. Kunjo likiacha mstari mweupe, bado. Likifunguka bila alama, tayari. Ikikaa majini kupita hapo huanza kunuka, na ngozi iliyoanza kunuka imeshaanza kufa.

Anaitandaza juu ya mdomo wa mzinga na kutafuta mstari wa mgongo wa ng'ombe. Ngozi ya mgongoni ni nene kuliko ya ubavuni, na mstari huo ukienda kando, nusu moja ya ngoma italia tofauti na nyingine. Anaupitisha katikati kabisa. Kisha anafanya jambo dogo ambalo mgeni anaweza asilione: anachovya kidole kwenye mkaa uliosagwa na kuweka nukta moja katikati ya ngozi. Baada ya hapo anatoboa ukingo kwa msharasi, matundu yakipishana kwa upana wa vidole viwili. Idadi yake lazima iwe shufwa, ili kila tundu liwe na mwenzake upande wa pili. Chini ya mzinga anavalisha ngozi nyingine, ndogo na nene, ambayo kazi yake ni kushika kamba tu. Ukamba unapanda na kushuka kati ya ngozi mbili, tundu kwa tundu.

Mzunguko wa kwanza ni wa kuondoa ulegevu, na unafanywa kwa vidole. Mzunguko wa pili ndio kuwamba kwenyewe. Mzee anakaa upande mmoja, kijana upande wa pili, mzinga katikati yao. Kila mmoja anakamata ukamba ulio mbele yake, anaweka unyayo kwenye mzinga, na wote wawili wanaegemea nyuma kwa wakati mmoja. Hakuna namna nyingine ya kuwamba. Ngozi haisukumwi kumwendea mwenzako. Aliyeshika ukingo anaweza tu kuuleta kifuani pake. Wawili wanavutana, na ngozi iliyo kati yao haiendi kwa huyu wala kwa yule. Inakaza.

Macho ya mzee hayako kwenye mikono yake wala kwenye ya kijana. Yako kwenye nukta ya mkaa. Katika mvuto wa tatu au wa nne nukta inasogea kumwelekea yeye, upana wa punje. Anaacha mara moja.

"Umeniachia," anasema.

"Nimechoka kidogo, mzee."

"Pumzika, halafu vuta kwako. Ukiniachia, unaniharibia."

Ajabu ya neno hilo ni kwamba linatoka kwa mtu ambaye ngozi ilikuwa inamwendea. Wakishavuta jozi moja, hawaendi kwenye tundu la jirani. Wanahama robo ya duara na kuvuta jozi inayokata ile ya kwanza, kisha zile zilizo katikati yao, kama fundi wa magari anavyokaza nati za tairi kwa kupishanisha. Na hawamalizi mahali pamoja kwa mara moja. Kila jozi inapewa mvuto kidogo, zamu inazunguka, inarudi, inaongezwa kidogo tena. Ngozi mbichi inakubali chochote unachoitendea, na hapo ndipo wasio na subira wanapoponzwa: wanaikaza mpaka mwisho ikiwa bado na maji, kisha inapokauka na kujivuta yenyewe inachana matundu, au inaupasua mzinga.

Zipo ngoma za vigingi, ambazo ngozi yake hushikizwa kwa vipande vya mti vilivyopigiliwa ubavuni mwa mzinga. Hizo fundi anaweza kuziwamba peke yake, kwa koleo. Lakini hata hapo anavuta kigingi kimoja, anainuka, anazunguka mpaka upande wa pili, anavuta kinachokikabili. Anakuwa wawambaji wawili kwa zamu.

Methali iliyotoka kwenye kazi hii ina mahali pake na adabu zake. Husemwa juu ya mtu anayetetea jambo lenye faida kwake: muuzaji anayesifu mahindi yake, diwani anayetaka barabara ianzie katani kwake, mjomba anayekumbuka mipaka ya shamba la marehemu kwa namna inayoongeza fungu lake. Haisemwi juu ya mwizi. Aliyeghushi hati ya shamba hakuvuta ngozi, ameichana. Wala haisemwi juu ya bahili, maana yeye hakushika hata ukingo.

Adabu yake ni kutomtaja mtu. Katika kikao cha ukoo, kijana hawezi kumwambia baba yake mkubwa kwamba anajipendelea. Kikao kitavunjika, na kosa litakuwa la kijana. Lakini mzee mwenzake anaweza kusema nusu ya kwanza tu, "Kila mwamba ngoma...", akanyamaza, na waliokaa wakaimalizia kwa sauti ya chini. Hakuna aliyetajwa. Aliyevuta amesikia, na amepewa nafasi ya kulegeza bila kuaibika. Kijana anayetaka kuitumia mbele ya wakubwa hujisema mwenyewe kwanza: "Nami ni mwamba ngoma, wazee wangu. Mtaniwia radhi nikivutia kwangu." Hakuna namna ya kuitumia inayopita hiyo, kwa sababu msemaji anaanza kwa kukiri kwamba ameshika ukingo, na wanaomsikiliza wanajua ni kiasi gani wapunguze katika maneno yake.

Inaharibika inapotumiwa kufunga mazungumzo. Utaisikia katika vikao, mtu akiinua mabega: ah, kila mwamba ngoma huvutia kwake, twende na ajenda nyingine. Hapo imekuwa ruhusa kwa mwenye mkono wenye nguvu. Mkulima wa bondeni anasema ng'ombe wameingia shambani, mfugaji anasema shamba limeingia kwenye njia ya ng'ombe, na kila mmoja anasema ukweli ulioegemea kwake. Msuluhishi anayewaomba waache kujitetea anawaomba wasichoweza. Anayemsikiliza mmoja leo na mwingine mwezi ujao ameshaiacha ngozi iende upande mmoja. Uani kwa fundi wanavuta kwa wakati mmoja, wakitazamana, na katikati pamewekwa alama kabla ya yeyote kushika kamba. Tena anayeitazama alama hiyo kwa ukali zaidi ni yule mwenye nguvu kuliko mwenzake.

Ngoma iliyowambwa haipelekwi juani. Inawekwa bandani, mbali na upepo, na upepo wa Ufipa wakati wa kiangazi hauna huruma. Upande unaopigwa na upepo hukauka kwanza, hujivuta, na kuiburuta nukta ambayo watu wawili waliilinda. Fundi anaigeuza ngoma kila anapopita karibu nayo, robo ya mzunguko, akiwa anaongea na mtu mwingine au akielekea kuchota maji. Ngozi inapoteza weupe wake wa maji na kuwa ya rangi ya mfupa. Kamba zinalia kidogo usiku. Kwa siku kadhaa hagusi kamba wala ngozi, ingawa mteja amekuja kuuliza tena.

Ikishakauka anaisikiliza. Anaigonga kwa ncha ya kidole kuzunguka ukingo, mbele ya kila tundu, na mahali sauti inaposhuka anapenyeza kijiti kati ya ukamba na mzinga, akikisukuma mpaka sauti ipande na kulingana na jirani zake. Anarudi mwanzo, kwa sababu kupandisha hapa kumeshusha pale. Kazi hii inaweza kuchukua alasiri nzima bila mtu aliyesimama kando kusikia tofauti yoyote. Kisha, ghafla, anaipiga katikati kwa kiganja, na sauti inatoka nzima, bila mwangwi wa pembeni. Ni sauti ambayo watu wa umri wake waliizoea redioni, ngoma ilipotangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Nukta ya mkaa bado iko palepale. Anaifuta kwa kitambaa chenye maji.

Wateja wake wengi ni kwaya. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na Ukatoliki ukaenea Ufipa yote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wa mwaka 1962 hadi 1965, ulipoipa nafasi lugha na muziki wa wenyeji katika ibada, ngoma nazo zikapata mahali karibu na altare. Kanisa kubwa linataka ngoma yenye tumbo, na kwaya ya vijana inataka inayolia juu. Fundi huuliza kwanza itapigwa wapi, ndipo anachagua ngozi.

Aliyeagiza ngoma hii ni mwalimu wa kwaya. Alifika kwa pikipiki, akaegesha langoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, kaa. Mtoto wako huyu hapa."

Mwalimu aliipiga kwa vidole, akaipiga kwa kiganja, akainamisha kichwa. Alisema ni nzuri, ila sauti nzito kidogo kuliko alivyotarajia, na kwa uzito huo bei aliyotajiwa ingeweza kutazamwa upya. Mzee akajibu kwamba uzito huo ndio utakaowabeba waimbaji wa besi katika kanisa lenye paa la bati mvua ikinyesha, kwamba mvua za Novemba hadi Aprili hulegeza kila ngoma na hii itahitaji moto kidogo tu kurudi, na kwamba mninga wa namna hii haupatikani tena kirahisi. Mwalimu akacheka.

"Mzee wangu, kila mwamba ngoma..."

"Huivutia kwake," mzee akamalizia, wala hakuudhika. "Nawe umekuja kuvuta. Haya, shika upande wako."

Walikwenda hivyo kwa muda, mmoja akitaja ugumu wa sadaka za kiangazi, mwingine akitaja bei ya ngozi machinjioni, kijana akiwatazama wote wawili akiwa ameshika rungu la mti. Bei waliyofikia haikuwa aliyoitaja mzee wala aliyokuja nayo mwalimu. Mwalimu alilipa nusu, nusu iliyobaki ikangoja mauzo ya alizeti, na mzee akaongeza ukamba mmoja wa akiba, akamwonyesha tundu la kuanzia siku ule wa sasa utakapokatika.